Stempu za kikoloni: Hesabu meno kabla ya kutaja bei

WAKATI macho ya wafanyabiashara wengi wa Pemba yapo kwenye karafuu na mwani, ipo bidhaa nyingine isiyo na msimu wala haihitaji kuanikwa juani: barua za zamani. Zimelala ndani ya makasha ya wazee, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenye mali hajui jambo moja dogo, nalo ni idadi ya meno pembezoni mwa stempu.

Chukua mfano wa nyumba moja Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari ya Mkoani. Babu alikuwa na ndugu Mombasa na Tanga, wakiandikiana kwa miaka mingi. Wajukuu wanafungua kasha na kukuta bunda la bahasha. Anapita mnunuzi, anataja bei moja kwa bunda zima. Wakikubali bila kukagua, faida yote inavuka bahari pamoja na mnunuzi mwenye lenzi mfukoni.

Matundu yalivyoanza

Stempu ya kwanza duniani, Penny Black, ilitolewa Uingereza Mei 1840 bila matundu. Makarani walizitenganisha kwa mkasi. Henry Archer, mzaliwa wa Ireland, ndiye aliyebuni mashine ya kutoboa, na serikali ikanunua haki za uvumbuzi wake mwaka 1853 kwa pauni 4,000.

Stempu zilizotobolewa zilianza kutumika rasmi mwaka 1854 zikiwa na kipimo cha 16. Matundu yalikaribiana mno na karatasi zikachanika ovyo, hivyo mwaka 1855 kipimo kikashushwa hadi 14. Kipimo hicho ni idadi ya matundu ndani ya sentimita 2. Zikiandikwa namba mbili, ya kwanza ni ya ukingo wa juu na wa chini, ya pili ni ya ubavuni.

Simba wa pauni moja

Kwa Afrika Mashariki, somo kubwa liko kwenye stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye sura ya Mfalme George VI, zilizoanza kutolewa mwaka 1938 na kuchapwa London na kampuni ya De La Rue. Zanzibar na Pemba zilikuwa na stempu zao, lakini barua kutoka bara zilifika na hizi.

Stempu ya pauni 1 yenye picha ya simba ilitoka mwaka 1938 ikiwa na kipimo cha 11¾ kwa 13. Usiku wa Desemba 29, 1940, ndege za Ujerumani zilipiga London na kuteketeza kiwanda cha De La Rue. Toleo la mwaka 1941 likaja na kipimo cha 14, na la mwaka 1954 kipimo cha 12½. Simba ni yule yule, thamani ni ile ile, lakini kwenye katalogi toleo la 1938 ndilo lenye bei ya juu kuliko mengine.

Pauni 1 haikuwa ya kubandikwa kwenye barua ya kawaida; itafutwe kwenye vifurushi na hati. Lakini hata senti 30 yenye picha ya daraja la Jinja ilibadilishwa, kutoka 13¼ hadi 14 mwaka 1941. Shilingi 5, yenye daraja hilo hilo, nayo ilipita vipimo hivyo viwili, kisha mwaka 1944 ikapata cha tatu.

Zanzibar nayo ina yake. Stempu za kudai malipo kwa barua zilizopungukiwa ada, zilizotolewa kuanzia mwaka 1926, zilichapwa hapa hapa na Mpigachapa wa Serikali. Ni maandishi tupu bila picha ya Sultani, hazina gundi, na hazikutobolewa matundu ya mviringo bali zilichanjwa vijikato. Kingo zake huonekana kama zimechanwa ovyo. Asiyejua huzitupa.

Namna ya kukagua

Rula peke yake haitoshi, kwani tofauti ya 13¼ na 14 haifiki hata tundu moja ndani ya sentimita 2. Tumia kadi ya kupimia matundu. Ukiikosa, weka stempu mbili za aina moja ukingo kwa ukingo. Meno yakilingana mwanzo na kupishana kadiri unavyosogea, vipimo ni viwili tofauti.

Tahadhari ni nne. Kwanza, usibandue stempu kwenye bahasha. Muhuri wa posta wa Pemba, uwe wa Chake Chake, Weti au Mkoani, una wanunuzi wake. Pili, stempu za thamani kubwa zilitumika pia kulipia ushuru wa hati. Iliyofutwa kwa kalamu au mhuri wa ofisi huwa na bei ndogo kuliko yenye muhuri wa posta. Tatu, wapo walaghai wanaotoboa upya ukingo mnyoofu, na wengine hukata meno ili stempu ionekane haikutobolewa. Kwa hiyo isiyotobolewa hununuliwa ikiwa jozi, mbili zilizoshikana. Nne, bei ya katalogi ni ya dukani kwa stempu safi. Mnunuzi wa jumla hutoa sehemu yake tu, na ukungu wa hewa ya bahari huipunguza zaidi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kasha Makoongwe aanze na daftari: aandike kila stempu, thamani yake, muhuri wake na kipimo chake ubavuni na juu. Mnunuzi akifika, mazungumzo ya bei yaanzie kwenye daftari hilo.