Kutoka Loima Hadi Arusha: Bunge la Afrika Mashariki na Pesa Iliyo Kwenye Simu Yako

Mteja wetu, kama unakaa Namoruputh, Lodwar au Kakuma, mpaka hauko mbali na wewe. Upande wa magharibi, barabara ya Loima inapita Lokiriama kuelekea Moroto, Uganda. Ukipita Kakuma na Lokichogio unafika Nadapal, na mbele yake ni Sudan Kusini. Mbuzi, unga, sukari na nguo vinavuka huko na huko. Pesa nayo inavuka. Shida ni kwamba pesa ikivuka mpaka, inapungua.

Ndiyo maana swali hili haliishi: kama nchi zetu ziko kwenye Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, mbona kumtumia mtu wa Moroto si sawa na kumtumia mtu wa Lodwar? Na wale wabunge wa Arusha wanafanya nini kuhusu hilo? Leo tueleze hatua kwa hatua, ili ujue ni nani anayeamua nini.

Bunge hili ni lipi?

Ni Bunge la Afrika Mashariki, wengi wanaliita EALA. Makao yake ni Arusha, Tanzania, na lilianza kazi mwaka 2001. Jumuiya sasa ina nchi 8: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo (DRC) na Somalia, iliyojiunga mwisho mwaka 2024.

Kila nchi, iwe kubwa au ndogo, inachagua wabunge 9. Huwapigii kura wewe moja kwa moja. Wale wa Kenya wanachaguliwa na Bunge la Kitaifa na Seneti. Waliopo sasa waliapishwa Desemba 2022 kwa muhula wa miaka 5.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Muswada ukipita Arusha bado si sheria. Unapelekwa kwa marais wa nchi zote wanachama. Wanaweza kuurudisha Bungeni, na ukipelekwa kwao tena, rais mmoja tu akikataa, muswada umekufa. Kwa hivyo EALA inatunga sheria, lakini funguo ya mwisho iko mifukoni mwa marais.

Pesa yako inapungukia wapi?

Tuchukue mfano. Hizi si bei za leo, ni hesabu ya kukuonyesha tu. Umeuza mbuzi na unataka kumtumia shemeji yako Moroto Ksh 10,000.

Kwanza kuna ada ya kutuma. Tuseme ni Ksh 100. Juu ya ada hiyo, Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2023 iliweka ushuru wa asilimia 15, kutoka 12 ya awali. Ada inakuwa Ksh 115.

Pili kuna bei ya kubadilisha. Tuseme sokoni shilingi 1 ya Kenya ni shilingi 28 za Uganda. Pesa yako ingekuwa 280,000. Lakini anayekubadilishia anakupa 27, kwa hivyo shemeji anapata 270,000. Hizo 10,000 za Uganda zilizobaki ni karibu Ksh 357.

Tatu kuna ushuru wa kutoa. Uganda inatoza asilimia 0.5 ya pesa unayoitoa kwa wakala. Kwa 270,000 hiyo ni 1,350, yaani karibu Ksh 48. Hapo bado ada ya wakala mwenyewe.

Jumlisha: 115, 357 na 48 ni Ksh 520. Angalia vizuri. Watu hulalamikia ada, lakini katika mfano huu kilichokula zaidi ni bei ya kubadilisha. Na hiyo haiandikwi kwenye SMS kama makato. Imejificha ndani ya ile namba ya 27.

Sasa, nani anaamua kila kipande? Ada inawekwa na kampuni ya malipo chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Ushuru unawekwa na bunge la nchi, Nairobi kwa Kenya na Kampala kwa Uganda. Bei ya kubadilisha inategemea soko na mtu anayekubadilishia. EALA haina mkono wa moja kwa moja kwenye ushuru wa simu yako. Lakini kile kipande kikubwa, cha kubadilisha, kipo kwa sababu nchi zetu zina sarafu tofauti. Hapo ndipo Arusha inapoingia.

Sarafu moja imefika wapi?

Wazee wetu waliwahi kutumia sarafu moja. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921, na kila nchi ikaanza kutoa noti zake mwaka 1966. Jumuiya ya zamani yenyewe ilivunjika mwaka 1977.

Tarehe 30 Novemba 2013, mjini Kampala, marais wa nchi 5 walitia sahihi mkataba wa Umoja wa Fedha. Lengo lilikuwa sarafu moja kufikia 2024. Mwaka huo ulipita bila sarafu, na lengo likasogezwa hadi 2031.

Kwa nini inachelewa? Kabla ya kuingia, nchi inatakiwa kutimiza masharti. Mfumuko wa bei usizidi asilimia 8. Nakisi ya bajeti, pamoja na misaada, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Deni la umma lisizidi asilimia 50. Na akiba ya fedha za kigeni itoshe kununua bidhaa za nje kwa miezi 4 na nusu. Nchi nyingi zinakwama kwenye deni na nakisi. Masharti haya si ya bure: nchi zikiwa na sarafu moja, moja ikikopa ovyo, bei ya unga inaweza kupanda kwa wote.

EALA ilifanya sehemu yake ya kwanza kwa kupitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Fedha ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo inatakiwa kuandaa njia ya benki kuu ya pamoja. Lakini wabunge hawawezi kuilazimisha nchi ipunguze deni.

Na tuseme ukweli: hata sarafu moja ikija kesho, itaondoa ile Ksh 357 ya mfano wetu. Ushuru wa Nairobi na wa Kampala utabaki palepale mpaka nchi zenyewe zikubaliane kuupunguza.

Kuvuka kwa kitambulisho, na suala la Kakuma

Soko la Pamoja lilianza Julai 2010. Linaruhusu watu, bidhaa, huduma na mitaji kuvuka. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, zilizotengenezwa au kukuzwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha, anapata cheti rahisi hapo mpakani na halipi ushuru wa forodha. Kama unapeleka bidhaa Moroto, ulizia cheti hicho kabla ya kulipa kitu.

Kakuma, hili suala lina uzito zaidi. Kambi iko tangu 1992, na wengi wanaoishi huko wanatoka Sudan Kusini, Kongo, Burundi na Somalia, nchi ambazo leo zote ni wanachama. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inasema mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya anaweza, kwa hiari yake, kuacha hadhi ya ukimbizi ili apate haki za raia wa Afrika Mashariki, kama kufanya kazi na biashara. Inavutia, lakini ukiacha hadhi hiyo unaacha na ulinzi wake. Usiweke sahihi popote kabla hujapata ushauri wa kisheria. Na anayetoka Ethiopia au Sudan hahusiki, kwa sababu nchi hizo haziko kwenye Jumuiya.

Bunge lenyewe linahitaji pesa

EALA inaendeshwa kwa michango ya nchi wanachama. Nchi zikichelewa kulipa, vikao vinaahirishwa, na hilo limetokea zaidi ya mara moja. Kumekuwa na mjadala kama kila nchi ilipe sawa, au zenye uchumi mkubwa zilipe zaidi. Kwako wewe maana yake ni moja: vikao visipokaa, miswada haisongi.

Hata hivyo mambo huweza kubadilika nchi zikikubaliana. Kuanzia 2014, Kenya, Uganda na Rwanda, na baadaye Sudan Kusini, zilishusha gharama za kupigiana simu kuvuka mipaka. Walichofanya kwa sauti, wanaweza kukifanya kwa pesa.

Ugonge mlango gani?

- Kama shida ni ushuru kwenye ada, mwone mbunge wako wa Nairobi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kupandisha ushuru huu hadi asilimia 20, na uliondolewa baada ya wananchi kuupinga.
- Kama shida ni ada yenyewe au muamala uliopotea, anza na sisi, huduma kwa wateja. Usiporidhika, kuna Benki Kuu.
- Kama shida ni sheria ya Jumuiya kutofuatwa mpakani, andikieni EALA ombi, hasa kama kikundi cha wafanyabiashara. Pia kuna Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mkazi yeyote anaweza kufungua kesi, lakini ni ndani ya miezi 2 tangu jambo litokee au alipolijua.

Wakati unasubiri, fanya haya

1. Kabla ya kuweka PIN, uliza: "Anayepokea atapata shilingi ngapi za Uganda mkononi?" Linganisha namba hiyo, usilinganishe ada peke yake.
2. Tumia huduma iliyosajiliwa. Dalali wa mpakani anayekuomba umpe simu yako au PIN, mkatae.
3. Laini iwe kwa jina lako. Jina likitofautiana na kitambulisho, ni rahisi pesa kukwama.
4. Tunza SMS ya muamala mpaka mwenzako athibitishe amepata.
5. Jihadhari na habari za sarafu mpya. Machi 2024 noti zilizoitwa "Sheafra" zilisambaa mitandaoni, na Jumuiya ikasema ni uongo. Akikupigia mtu akisema utume pesa zako zibadilishwe ziwe sarafu ya Afrika Mashariki, huyo ni mwizi. Kata simu, halafu utupigie sisi.