Shule na soko kwenye mlango mmoja

Kila mwaka wa masomo unapoanza, sisi wachungaji wa Bukavu tunaletewa malalamiko yaleyale. Walimu wanasema biashara zinazozunguka shule za kanisa zinawazuia kufundisha. Wafanyabiashara wanasema shule inataka kuwanyima chakula cha watoto wao. Tunaeleza hapa namna tulivyojifunza kuyatazama mambo haya, maana na ninyi wa Uvira, Baraka na Goma mna shida kama hiyo.

Mji wetu una komine tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira, na zote ziko juu ya vilima. Mahali tambarare ni pachache. Palipojengwa shule ndipo barabara inapopita, na barabara inapopita ndipo mama anapotandika nyanya zake. Tangu vita vya 1996 watu wengi wa vijijini wamekimbilia hapa, na udongo haukuongezeka.

Kwanza tujue nani ana haki wapi. Kwa sheria ya 1973, ardhi ni ya Serikali. Kanisa limepewa kiwanja kwa hati. Ndani ya ua, kamati ya usimamizi ya shule (COGES) inaweza kuamua. Nje ya ua, barabara ni ya mji, na komine inatoza kodi wale wanaotandika bidhaa. Basi direkta anayemfukuza mama aliyekwisha kulipa kodi yake ya siku anajitwalia mamlaka asiyo nayo. Kama kuna fujo barabarani, aende kwa burugumestri akiwa na barua mkononi. Fimbo aiache nyumbani.

Lakini wapendwa, sehemu ngumu iko ndani ya ua. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, Serikali ilirudishia makanisa usimamizi wa shule zao. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yalijaa, na pesa walizokuwa wanatoa wazazi zikasimama. Shule nyingi zikatoboa ukuta wa upande wa barabara na kukodisha vyumba. Hata sisi tulifanya hivyo kwenye shule yetu moja ya Kadutu. Chumba kimoja kikageuka nganda. Saa nne asubuhi baffle inapiga muziki, na upande wa pili wa ukuta mwalimu wa darasa la nne anasomea watoto imla. Baadaye wavulana wa darasa la sita wakakutwa na vifuko vya pombe kali. Tulitaka kumlaumu mwenye nganda, lakini mkataba ulikuwa na sahihi yetu, na kodi tulikuwa tunaipokea sisi.

Mchungaji mwenzetu alitukumbusha Yesu alivyowafukuza wachuuzi hekaluni. Tulimjibu kwamba barabara ya Kadutu si hekalu. Tuliona afadhali kusoma Nehemia sura ya 13. Nehemia alifunga malango ya Yerusalemu siku ya Sabato, wachuuzi wakalala nje. Siku nyingine waliendelea kuuza. Aliwapangia wakati.

Basi tukawaita wote: walimu, kamati ya wazazi, wachuuzi, na mwenye mashine ya kusaga unga. Huyu ni baba wa watoto wanne wanaosoma palepale. Tulimwomba asage baada ya masomo tu. Akacheka. Umeme wa SNEL haufuati saa zetu. Unakuja asubuhi, jioni haupo, na watu wanangoja unga. Hakukuwa na jibu zuri. Tulihamisha darasa lililo karibu naye kwenda upande wa kanisa, na chumba kile tukakifanya stoo.

Kwa akina mama wa mandazi tulikosea. Tuliwaomba wasogee mbali, wakakubali kwa heshima. Wiki ileile watoto wakaanza kuvuka barabara katikati ya pikipiki kuwafuata. Tukawarudisha, safari hii ndani ya ua, wakati wa mapumziko tu, kwa zamu, chakula kikiwa kimefunikwa. Wengi wao ni wazazi wetu, na mandazi hayo ndiyo yanayolipa madaftari.

Mwenye nganda tulimwomba afungue baada ya saa kumi na moja na nusu, zamu ya mchana ikitoka. Alikataa, akisema wateja wa mchana ndio wanaolipa kodi yetu, na hakudanganya. Mkataba wake ulipokwisha, kamati haikuuongeza. Hapo tulibishana sana, kwa sababu kodi ile ndiyo iliyokuwa inalipa walinzi wawili wa usiku, na baada ya mabenki kufungwa Februari 2025, hapakuwa na mahali pengine pa kukopa.

Sasa chumba kile anakaa mama anayeshona nguo za shule. Analipa nusu. Usiku wazazi wanalinda kwa zamu, wawili wawili. Wiki iliyopita, usiku mmoja, alikuja mmoja tu, na asubuhi tukakuta madawati matatu hayapo.