Karata za Mashujaa kwa Mgonjwa Anayeshinda Peke Yake

Mgonjwa wa kiharusi aliyerudi nyumbani Mikocheni mara nyingi hushinda peke yake hadi jamaa watoke kazini. Mwili hupangiwa mazoezi, akili husahauliwa. Mchezo mmoja unaoweza kuishughulisha ni Marvel Champions, uliotolewa Marekani mwaka 2019. Wachezaji 1 hadi 4 hushirikiana dhidi ya adui anayeendeshwa na karata zenyewe, hivyo mpinzani hahitajiki.

Faida kubwa imo katika kubadili shujaa. She-Hulk huanza na pointi 15 za uhai, akastahimili mapigo mengi. Iron Man ana 9 tu, na mwanzoni, akiwa vitani, hujaza mkono kwa karata 1 hadi ajiundie vifaa. Mbinu iliyomwokoa wa kwanza humwangamiza wa pili. Mchezaji hulazimika kuacha mazoea na kupanga upya, uwezo ambao kiharusi huweza kuudhoofisha. Shujaa yuleyule kila siku ni burudani tu, nayo si haba siku za uchovu.

Mchezo huu si tiba. Dawa za shinikizo la damu na mazoezi ya viungo viendelee. Mhudumu aanze na shujaa mmoja, kwa vipindi vifupi, kwani maandishi ni madogo na ya Kiingereza.

Aitazame pia meza. Karata za upande wa kushoto zikiachwa bila kuguswa, huenda ubongo umeacha kuutambua upande huo, hata kama macho ni mazima. Kliniki ya utengamao ijulishwe. Dalili hiyo ikizuka ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.