Nyota za Moto na Kazi ya Mikono Mingi

Wako watu wadhanio kwamba elimu ya nyota ni mali ya wakubwa wenye darubini za fedha nyingi, na kwamba mfanya kazi arudiye nyumbani jioni hana neno la kuongeza ila kustaajabu. Sisi hatukubaliani na wazo hilo. Leo twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji habari za nyota zenye joto kupita zote na jinsi zilivyojulikana, kwa maana elimu hii, kama ilivyo reli au bandari, imejengwa kwa jasho la watu wengi, na baadhi yao hawakupewa ujira uliowastahili.

Kwanza yafaa tujue nyota hizo ni za namna gani. Uso wa Jua letu una joto la digrii 5,500 hivi. Nyota tuzisemazo zina joto la digrii 10,000, 20,000, hata 30,000 na zaidi. Kila mhunzi ajua kwamba chuma chekundu hakijafikia joto la chuma cheupe. Ndivyo zilivyo nyota, nazo zilizo na moto mkali kabisa huonekana nyeupe zenye kuelekea buluu. Kadhalika, nyingi kati yake ni kubwa kuliko Jua, na hutumia kuni zao bila kiasi. Jua limekwisha kuwaka miaka milioni 4,600 na bado lina muda kama huo mbele yake, lakini zilizo kubwa kupita zote miongoni mwa hizi humaliza maisha yao katika miaka milioni chache tu. Wataalamu huziita nyota za aina ya mwanzo. Jina hilo lilitokana na kosa: wazee wa elimu hii walidhani kila nyota huanza na joto kali kisha ikapoa polepole. Kosa liligunduliwa, jina likabaki.

Sasa, nani aliyekwenda huko akapima? Hakuna. Shahidi wetu ni mwanga peke yake, na shahidi huyo huulizwa maswali mawili.

Swali la kwanza: mwanga wa nyota ni kiasi gani, na je, waongezeka au wapungua? Kazi ya kulijibu huitwa fotometria. Mpimaji huilinganisha nyota yake na jirani zake ambazo kiasi cha mwanga wao kinajulikana, kama vile mwenye duka alinganishavyo sukari na jiwe la mizani. Akipima mwanga wa buluu mbali na mwanga wa manjano, kisha akalinganisha viwili hivyo, hupata dalili ya joto la nyota.

Swali la pili: ni mwanga wa namna gani? Kazi hiyo huitwa spektroskopia. Mwanga hupitishwa katika kioo cha pembe tatu au chombo kingine cha kuutawanya, ukatandazwa kama upinde wa mvua. Katika upinde huo huonekana mistari myeusi, na kila mstari ni alama ya kitu fulani: huu wa haidrojeni, ule wa heliamu. Mistari ikisogea kidogo kutoka mahali pake, twajua nyota yatukaribia au yatuacha. Ikiwa mipana, mara nyingi ni ishara kwamba nyota yazunguka kwa kasi kubwa.

Katika nchi ya Marekani, huko Harvard, kazi ya kuisoma mistari hiyo katika vioo vya picha walipewa wanawake. Ujira wa wengi wao ulikuwa kama senti 25 kwa saa. Mmoja wao, Bibi Williamina Fleming, alizaliwa Dundee, Scotland, mwaka 1857. Mumewe alimwacha katika nchi ya ugeni hali ana mimba, akawa mtumishi wa nyumbani kwa mkuu wa kituo cha nyota. Mtumishi huyo ndiye aliyezipanga nyota zaidi ya 10,000 kwa herufi, katika orodha iliyotolewa mwaka 1890. Miaka kumi baadaye aliandika katika daftari lake kwamba alilipwa dola 1,500 kwa mwaka, hali wako wanaume waliopata 2,500. Malalamiko hayo hayahitaji maelezo kwa wafanya kazi.

Baada yake Bibi Annie Jump Cannon, ambaye masikio yake yalikuwa mazito sana, aliitengeneza upya safu ya herufi hizo kwa kufuata joto, akaziweka O na B mbele ya zote. Katika maisha yake aliainisha nyota zipatazo 350,000. Mwaka 1922 chama cha wanafalaki wa ulimwengu kiliukubali mpango wake, na hata leo mtu asemapo nyota ya aina ya B, anasema lugha ya wanawake wale.

Labda msomaji atasema: hayo ni ya zamani, siku hizi mashine hufanya yote. La hasha. Natutazame jambo lililotokea mwaka 2000.

Jioni za Julai na Agosti, kundi la Nge, ambalo wanafalaki wa pwani huliita Akarabu, huwa juu sana katika anga letu. Mbele ya ile nyota nyekundu, Antares, zimepangwa nyota tatu za kichwa cha nge. Ya katikati yaitwa Delta Scorpii, au Dschubba, jina litokalo katika Kiarabu lenye maana ya paji la uso. Ni nyota ya aina ya B, yenye joto zaidi ya digrii 25,000, nayo iko mbali nasi zaidi ya mwendo wa mwanga wa miaka 400. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa nyota tulivu. Kweli, mwaka 1990 spektra yake ilikuwa imeonyesha dalili hafifu ya badiliko, lakini kwa macho nyota ilibaki vile vile.

Katikati ya mwaka 2000, Bwana Sebastián Otero wa Buenos Aires, Argentina, mtu aliyetazama nyota kwa mapenzi tu, alikuwa akiilinganisha na jirani zake kwa macho matupu. Akaona imeongezeka mwanga. Hakujiambia kwamba macho yake yamekosea kwa kuwa vitabu vyasema vingine. Alitoa habari, wenye vyombo wakageuza darubini, wakatandaza mwanga, na mahali ulipokuwapo mstari mweusi wa haidrojeni wakakuta mstari unaong'aa. Maana yake nyota ilikuwa imetupa gesi nje ya mwili wake, na gesi hiyo ilikuwa ikiizunguka kama sahani. Miaka iliyofuata mwanga wake ulikaribia mara mbili ya ule wa zamani.

Nyota za tabia hiyo hazikuwa ngeni. Ya kwanza ilitambuliwa na Padre Angelo Secchi huko Roma mwaka 1866. Nyingi huzunguka kwa kasi inayokaribia kuzipasua. Hata hivyo, sababu kamili ya kutupa gesi wakati huu na kutulia wakati ule ingali ikitafutwa, na haiwezi kupatikana kwa kutazama usiku mmoja. Delta Scorpii ina mwenzake azungukaye katika muda wa miaka karibu 11. Alipoikaribia tena mwaka 2011, watu wengi wenye darubini ndogo za nyumbani walichukua spektra usiku baada ya usiku, wakasaidiana na wataalamu kufuatilia mwendo wa nyota hizo mbili na hali ya ile sahani ya gesi. Darubini kubwa hazingeweza kufanya hivyo peke yake. Hugawanywa kwa zamu, na zamu ya kila mtaalamu ni fupi. Siku hizi kituo cha nyota cha Paris, Ufaransa, chatunza hazina ya spektra za nyota hizi, na ndani yake kazi ya watu wasio na mshahara wa elimu ya nyota huwekwa pamoja na kazi ya mabingwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tusifanye makosa ya kuwadharau wenye vyombo. Bila spektra, jambo aliloliona Bwana Otero lingebaki bila maelezo. Lakini bila macho yake, vyombo hivyo vingegeuzwa upande huo lini? Haki yataka kila mkono utajwe: wa mwenye darubini, wa aliyeketi na kioo cha picha kwa senti 25, na wa aliyesimama nje usiku akilinganisha. Jioni ya leo, kama mawingu yaruhusu na msimu wake umefika, ndugu msomaji aitafute nyota ya katikati katika kichwa cha Nge, ailinganishe na jirani zake mbili, aandike tarehe na alichokiona. Kesho kutwa afanye vivyo hivyo.