Jembe Nyuma ya Jina la Patel

Ukitaja jina la Patel hapa Nyasubi, mjini Kahama, wengi hufikiria duka au kiwanda cha kuchambua pamba. Wapo hata wanaodhani kwamba Mhindi alizaliwa na mizani mkononi. Juma hili tulichimbe jina hilo, maana ndani yake mna jembe.

Patel ni cheo. Huko Gujarat, magharibi ya India, patel alikuwa mkuu wa kijiji aliyesimamia kodi ya ardhi. Msukuma angemwita mwanangwa. Jina hilo limeenea sana katika jamii ya wakulima wa Kihindu waitwao Wapatidari, yaani wenye vipande vya ardhi. Zamani waliitwa Wakanbi.

Masimulizi yao husema kwamba matawi yao mawili makubwa, Leva na Kadva, yametokana na Lava na Kusha, wana pacha wa mfalme Rama. Wakadva wanalo simulizi jingine: mungu wa kike Uma alifinyanga sanamu 52 za udongo, na mumewe Shiva akazitia uhai. Hiyo ndiyo asili ya koo zao 52, na hekalu la mama huyo lipo katika mji wa Unjha.

Je, ni kweli? Hakuna hati ya kuthibitisha. Lakini tujiulize, kwa nini mkulima ajinasibishe na mfalme? Ni kwa sababu penye matabaka, mshika jembe hudharauliwa. Jamii hii ilidai heshima yake, hata katika sensa ya mwaka 1931 ikaandikwa kwa jina la Patidari. Ilidai kwa vitendo pia. Mwaka 1918, mavuno yalipoharibika wilayani Kheda, wakulima walikataa kuwalipa Waingereza kodi ya ardhi. Waliongozwa na Gandhi pamoja na Vallabhbhai Patel, mwana wa jamii hiyo.

Mbona basi huku kwetu hawakushika jembe? Wengi walikuja kuwa makarani na wafanyabiashara. Nchini Kenya, wakoloni waliwatengea Wazungu nyanda za juu, Mhindi asipate shamba huko. Usukumani, wafanyabiashara wa Kihindi walinunua pamba na kuichambua. Mizani ikaleta manung'uniko, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe. Hapo ndipo ulipochipuka ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa.

Hebu tazameni, ndugu zangu. Mkulima wa Kheda alipigania jasho lake, na mkulima wa Usukumani vivyo hivyo. Pengine wangekutana shambani wangeelewana upesi. Walikutana kwenye mizani, mmoja akiuza na mwingine akinunua. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Basi tunapomtazama jirani yetu nyuma ya kaunta, tukumbuke kwamba babu zake nao waliwahi kuyatazama mawingu wakiomba mvua.