Monyoncho na Gitaa Lililosema Kikisii

Wanangu, sogeeni niwaeleze jinsi gitaa lilivyopata makao Kisii na Nyamira, nchi ya Wagusii huko Kenya.

Halikukuta nyumba tupu. Wagusii walikuwa na obokano, ala kubwa ya nyuzi nane. Chini ni bakuli la mbao lililowambwa ngozi. Humo huchomoza miti miwili, na juu yake hulazwa boriti inayoshika nyuzi. Zamani nyuzi hizo zilikuwa kano za mnyama, siku hizi ni nailoni. Mpigaji huketi kigodani, akaikumbatia ala yake, akadonoa kwa mikono yote miwili huku akiimba. Sauti ya obokano ni nzito, ina mkwaruzo. Ukikaa karibu, huisikii masikioni tu, unaisikia hadi kifuani.

Gitaa lilikuja na redio na santuri. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Kongo, na baadaye Mwenda mwenyewe akaja kukaa Nairobi kwa muda. Vijana wa Kenya walistaajabu: dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinacheza wimbo, mtu mmoja anasikika kama wawili! Upande wa Kakamega, mpiga gitaa George Mukabi akaupa mtindo huo ladha ya kwao.

Majirani wa Kisii, Wajaluo, nao walikuwa na nyatiti, yenye nyuzi nane vilevile. Vidole vilivyozoea nyatiti vilipohamia kwenye gitaa, muziki wa benga ukazaliwa. Benga haikuhitaji hati ya kusafiria kuvuka hadi milima ya Gusii.

Hapo ndipo tunapomkuta mwanamuziki Christopher Monyoncho. Kundi lake lililovuma liliitwa Riakimai '91 Jazz, naye alijulikana kwa kuimba kwa Ekegusii, yaani Kikisii. Jaribuni kusikiliza benga hivi: mwimbaji anatoa maneno, halafu gitaa la solo linamjibu, tena haraka, kwa noti fupi fupi. Gitaa la pili linarudia mchoro uleule bila kuchoka, besi inaruka chini yao. Mwishoni waimbaji hunyamaza, solo linapanda, na hapo ndipo watu husimama kucheza. Enzi za santuri ndogo, upande mmoja haukutosha wimbo mzima. Wimbo ulikatwa katikati, ikabidi ugeuze santuri ili upate utamu uliobaki.

Kwangu mimi, ukubwa wa Monyoncho uko hapa: hakulichukulia gitaa kama mgeni wa kuogopwa. Alilifanya liwazungumzie watu wa kwao mambo ya kwao, kwa lugha ambayo bibi kwenye shamba la chai angeielewa bila mkalimani. Hilo si jambo dogo.

Na obokano? Haikufa. Grandmaster Masese, ambaye pia ni mshairi, ameipiga katika Nile Project, mradi ulioanzishwa mwaka 2011 na Mina Girgis wa Misri pamoja na Meklit Hadero mwenye asili ya Ethiopia, kuwakutanisha wanamuziki wa nchi za bonde la Nile.

Basi mkienda likizo kijijini, ulizeni kama yupo mzee anayepiga obokano. Mwombeni ruhusa, mrekodini kwa simu, na mwulizeni kila wimbo unahusu nini. Msingoje mwaka ujao. Wazee wenyewe wamebaki wachache.