Sahani ya mawe ya Tabaka na fumbo la hisabati

MAFUNDI wa Tabaka, Kaunti ya Kisii, wamesifika kwa muda mrefu kwa kuchonga sahani, bakuli na vinyago vya mawe ya sabuni. Sahani moja tu yatosha kumwonyesha mwanafunzi wa Kisii au Nyamira fumbo ambalo limewashughulisha wanahisabati kwa zaidi ya miaka 100: vitu vikipangwa upya na vichache tu vikabaki mahali pake, hivyo vichache vyatuambia nini kuhusu vyote?

Tuchukue sahani yenye ua la petali 7 zilizo sawa. Ikizungushwa hatua 1, 2, hadi 6, huonekana vilevile. Kutoizungusha ni hatua 0. Mizunguko hiyo 7 ni kundi, kwani miwili ikifuatana huzaa mwingine uliomo humohumo: hatua 3 kisha 5 ni sawa na hatua 1.

Sasa sahani ilazwe mezani, kando ya kioo kilichosimamishwa. Katika kioo, mzunguko wa kulia huwa wa kushoto: hatua 1 huwa 6, 2 huwa 5, na 3 huwa 4. Hata hivyo, hesabu zote hubaki sahihi. Mageuzi ya namna hii, yasiyovunja uhusiano wa vitendo, huitwa otomofizimu. Hapa ni hatua 0 pekee isiyobadilika. Petali zikiwa 8, hatua 4, yaani nusu mzunguko, nayo haibadiliki.

Si kila kundi linaloweza kuwa na mageuzi kama hayo. Kundi lenye kikomo likiwa na mageuzi ambayo yakirudiwa mara 2 hurejesha vyote, nayo yakaacha kitendo 1 tu, basi katika kundi hilo kutangulia au kufuata hakujalishi. Mageuzi hayo hulazimika kukipeleka kila kitendo kwenye kinyume chake. Na kinyume hupindua utaratibu, kama vile afungaye mlango kisha lango, akirudi hufungua lango kwanza. Kwa kuwa otomofizimu haipindui utaratibu, taratibu zote mbili lazima ziwe sawa.

Mnamo 1959, Mmarekani John Thompson alithibitisha jambo pana zaidi. Mageuzi yakirejesha vyote baada ya mara 3, 5, 7 au nambari tasa yoyote, na kuacha kitendo 1 tu, kundi hugawanyika kuwa makundi madogo yasiyoingiliana, kila moja likihusu nambari tasa yake. Makundi hayo huitwa nilipotenti. Thompson alitunukiwa Tuzo ya Abel mwaka 2008 pamoja na Jacques Tits.

Je, vikibaki vichache badala ya 1? Mwaka 1981, Hartley na Meixner walijibu kuhusu makundi yanayotatulika, yaani yanayoweza kufumuliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiwa halijali utaratibu. Ndani yake daima mna kundi nilipotenti lililo sehemu kubwa ya lote; ukubwa wa sehemu hiyo hutegemea tu ile nambari tasa na idadi ya vilivyobaki, hata kundi liwe kubwa kiasi gani.

Mwanafunzi anayefundishwa mzunguko na uakisi huenda akadhani mada hizo huishia kwenye karatasi ya mtihani. Sahani iliyo mezani kwao yaonyesha kwamba hapo ndipo zinapoanzia.